Umri wa Uzi

Fundi aliogopa nyoka, na hakuwahi kumficha mtu hilo. Aliogopa hata mkanda wa suruali ukianguka vibaya sakafuni. Kwa hiyo siku mdogo wake, dereva wa malori ya safari ndefu, alipoingia na sanduku la kioo amelikumbatia kifuani kama mtu anayehamisha televisheni, na ndani kitu cha rangi ya chungwa kinajikunjua polepole, yule dada mtu alipanda juu ya kiti chake cha kushonea akabaki huko.

"Shuka, Dada. Ni mtoto huyu. Hata mwaka hajafikisha."

"Nitashuka ukishatoka naye."

"Anaitwa nyoka wa mahindi. Tumbo lake lina miraba miraba kama punje za mahindi ya rangi mbili, ndiyo maana. Hana sumu, hana hasira, hana kelele. Yaani kwa upole anakushinda wewe."

Alikuwa amempata kwa watu aliowahamishia vyombo. Huko walikokuwa wanakwenda nyoka hawaruhusiwi, wakamwachia. Binti yake akamwona ndani ya lori, akampenda, basi tena. Na kwa kuwa binti huyo alilelewa na shangazi yake wakati baba yuko barabarani, nyoka naye akawa mtu wa nyumba.

Fundi alikubali kwa neno moja tu: mtoto. Kitu kichanga unaweza kukivumilia. Hakijapata nguvu, hakijajua ubaya, na kabla hakijakua mwenye nacho atakuwa ameshakuja kukichukua. Hivyo ndivyo alivyojibembeleza usiku wa kwanza, mlango wa chumba chake ameuzibia kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili.

Sanduku likawekwa juu ya meza ya pembeni katika chumba cha kushonea, mfuniko wake wa wavu umebanwa kwa vibanio pande zote. Binti, ambaye majirani walimwita Redio kwa kuwa akishawaka hazimiki, alimpa nyoka jina la Uzi. Alimlisha, alimsafishia, alimvaa mkononi kama bangili akizunguka nyumba nzima anaimba. Uzi alipojivua gamba, Redio alilikusanya kwa vidole vyake vyembamba, akalinyoosha, akalibandika ukutani kwa pini za shangazi yake, lile gamba jeupe jepesi kama karatasi ya kufungia zawadi. Shangazi aliachiwa kazi moja: kubadilisha maji asubuhi Redio akiwa shule. Na hata hiyo aliifanya kwa koleo refu la jikoni, uso ameugeuzia ukutani.

Siku yenyewe, Uzi alikuwa hajaonekana karibu wiki nzima. Alijichimbia chini ya kigae cha chungu alichowekewa kuwa nyumba yake, hataki chakula, hataki mtu.

"Amenuna," alisema Redio akifunga kamba za viatu. "Mwache tu, Shangazi. Hata wewe ukinuna tunakuacha."

"Mimi nikinuna nakuwa na sababu."

"Na yeye anayo. Hajui kusema tu."

Redio akaenda zake. Shangazi akafungua mfuniko, akatoa kibakuli cha maji kwa koleo, akakijaza, akakirudisha. Wakati huohuo hodi ikapigwa mlangoni. Alikuwa mama wa gauni la zambarau, aliyekuja kujaribisha kwa mara ya tatu, na mara zote alitaka kiuno kipunguzwe ingawa kiuno chenyewe kilikuwa hakijaafiki.

"Kaza hapo, Fundi. Mimi si mnene hivyo, kitambaa ndicho kinene."

"Nikikaza utashindwa kukaa, mama."

"Kwani nani alikwambia nitakaa? Nitasimama."

Fundi alimpiga pini huku wakicheka, akamwandikia chaki, akamsindikiza mpaka nje. Aliporudi ndani kuiokota chaki iliyoangukia chini ya meza, macho yake yakapanda yenyewe mpaka kwenye sanduku. Mfuniko ulikuwa umekaa upande. Vibanio vyote vilikuwa mezani, pale alipovilaza.

Alikinyanyua kigae kwa ncha ya koleo. Chini yake palikuwa na mchanga mtupu.

Hakupiga kelele, maana kelele ingehitaji pumzi, na pumzi hakuwa nayo. Alisimama pale, miguu ameibana pamoja, akaanza kukitazama chumba chake mwenyewe kama mgeni. Na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo miaka yote ya ufundi hakuwahi kuligundua: chumba cha fundi nguo kimejaa vitu virefu. Futikamba ilining'inia kwenye kiti, ncha yake inacheza kwa upepo wa dirisha. Waya wa pasi ulijikunja chini ya meza. Mpira wa kiunoni ulikuwa umejiviringisha ndani ya kikapu. Tepe za pindo, zipu, kamba za mgongoni za gauni la bibi harusi fulani. Kila kimoja alikitazama mara mbili, na mara ya pili kila kimoja kilijitikisa.

Wazo la kutoka nje na kufunga mlango lilimjia. Lakini mchana Redio angerudi, angevua viatu mlangoni kama kawaida yake, na angeingia miguu mitupu.

Basi alipiga moyo konde. Alivaa mabuti ya mvua, akachukua rula ndefu ya mbao, akaanza kupekua. Alisogeza kikapu kwa rula. Alifunua vitambaa kimojakimoja kwa rula. Mwisho alifika kwenye kiroba cha vipande, kilichoegemea ukuta pale jua la dirishani linapopiga, akakigusa kidogo tu. Vipande vya juu vikainuka, vikashuka. Kitu kilikuwa kinapumua chini yake, au alidhani hivyo.

Namna alivyokibeba kile kiroba hawezi kuieleza mpaka leo. Alikishika mdomo kwa mikono miwili, mikono imenyooka mbele kama anayemtoa mtoto mwenye tope, akakimimina chote ndani ya sanduku, vipande na vyote. Akashusha mfuniko. Akabana vibanio. Halafu, kwa kuwa moyo ulikuwa bado haujaamini, akainua ile cherehani yake ya akiba, ya kuzungusha kwa mkono, nzito ya chuma, akaiketisha juu ya mfuniko.

Ndipo alipokaa chini. Alikuwa karibu aanze kujicheka, wakati nyoka alipojitoa katikati ya vipande akainua kichwa.

Hakuwa Uzi.

Uzi alikuwa wa rangi ya chungwa, mabaka yake mekundu yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Huyu alikuwa na rangi ya majivu. Mabaka alikuwa nayo, lakini yamefifia kama kanga iliyofuliwa miaka mingi. Na macho. Uzi alikuwa na macho meusi ya duara, kama shanga. Huyu macho yake yalikuwa ya buluu nyeupe, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, na hayakuonekana kutazama kitu, ila kichwa kilimgeukia yeye.

"Wewe ni nani?" Fundi alimuuliza kwa sauti ndogo. Ulimi wa nyoka ukatoka, ukarudi.

Hapo hofu ikabadilika. Ya kwanza ilikuwa hofu ya mbio, ya kutafuta na kukamata. Hii ilikuwa nzito, imekaa. Alijiambia labda ni kivuli, labda ni uzee unaomwingia machoni. Akakumbuka gamba lililo ukutani. Yeye ni fundi. Akili yake husadiki kipimo kuliko jicho. Alichukua futikamba, akapima gamba la Uzi toka kichwani mpaka mkiani. Kisha akangoja. Nyoka alipojinyoosha kuambaa kioo cha mbele, Fundi alilaza futikamba kwa nje, taratibu.

Nyoka alikuwa mfupi kuliko gamba. Tena si kwa unywele. Kwa kiganja kizima.

Alipima tena. Ikawa vilevile.

Sasa, fundi yeyote wa nguo za watoto anajua hesabu hii. Gauni alilovua mtoto mwezi uliopita ni la kipimo chake cha mwezi uliopita. Leo gauni litambana, au litamkaa sawa. Kulipwaya haiwezekani, maana mtoto harudi nyuma. Uzi ni mtoto, anakua. Alivua gamba refu hivi. Huyu aliye ndani ni mfupi. Basi huyu ni mdogo zaidi kwa umri, na ni mwingine kabisa. Na kama ni mchanga kuliko Uzi, Fundi aliendelea kujihesabia huku ngozi ya kichwa inamsisimka, basi hakuzaliwa mbali. Kitoto cha nyoka hakitembei safari. Kina mama yake, na ndugu zake, mahali fulani humu ndani. Na Uzi mwenyewe pia bado yuko nje.

Aliinua miguu yake kutoka sakafuni, akaiweka juu ya kikanyagio cha cherehani.

Simu ya mdogo wake haikupatikana. Akampigia daktari wa mifugo, aliyemjua kwa kuwa alimshonea makoti ya kazi.

"Daktari, nataka kujua umri wa nyoka unatazamwaje."

Daktari alikuwa kwenye zizi la mtu, ng'ombe walisikika. "Umri wa nyoka? Fundi, hapo umenipata. Mbuzi nitamfungua mdomo nione meno. Nyoka hana cha kufungua. Kwani kuna nini?"

Alimweleza, maneno yakigongana. Daktari alisikiliza.

"Macho kama maziwa, umesema?"

"Kama ya maiti."

"Hilo linaweza kuwa jambo la kawaida tu. Lakini kama ametoka nje na wewe hujamtambua, siwezi kukuhakikishia kwa simu kuwa ni yuleyule. Wapo wenye sumu wanaofanana na hao wapole. Asiguswe na mtu. Nikimaliza hapa napita."

Katika yote hayo, Fundi alisikia neno sumu peke yake.

Redio alirudi, akavua viatu. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Vaa viatu."

"Ndiyo kwanza nimevivua."

"Nimesema vaa."

Redio alivaa, huku akimtazama shangazi yake aliyekaa na mabuti ya mvua ndani ya nyumba kavu. Kisha akaona sanduku.

"Mbona cherehani iko juu ya Uzi? Anashona?"

"Mfuniko umelegea. Usiuguse."

"Nimwone kidogo tu."

"Kesho."

"Shangazi, unamwogopa Uzi mpaka leo? Yeye ndiye anayekuogopa wewe. Kila ukija unakuja na koleo."

Fundi alitaka kumwambia. Lakini alimjua mtoto wake. Angemwambia Uzi amepotea, Redio angetambaa chini ya vitanda vyote akimwita kwa jina, mikono mbele, humo humo alimo yule mama nyoka. Bora anyamaze mpaka daktari aje. Basi alimpa vifungo vya kupanga kwa rangi, akaketi kati yake na sanduku, akashona pindo la zambarau likaenda upande, akalifumua, akalishona tena likaenda upande.

Simu ikalia. Alikuwa daktari, anauliza njia, na ndani sauti ilikuwa inakatika. Fundi alitoka mpaka barazani. "Ukipita duka la rangi, kata kulia. Sasa hivi? Haya, nakungoja." Hakuchukua muda. Lakini aliporudi, cherehani ya akiba ilikuwa sakafuni, mfuniko uko wazi, na Redio amesimama na mkono ndani ya sanduku mpaka kwenye kiwiko. Yule nyoka wa majivu alikuwa amemzunguka kifundo cha mkono.

"Redio," alisema Fundi, na sauti iliyotoka haikuwa yake. "Usijitikise."

"Kwa nini?"

"Huyo si Uzi."

Mtoto alicheka. "Si Uzi ni nani? Ni Uzi, ila amekuwa..." Kisha aliutazama uso wa shangazi yake, na kicheko kikamwishia mdomoni. Uso ule hakuwahi kuuona. Akayarudisha macho kwa nyoka, kwenye rangi ile ya majivu, kwenye macho yale meupe, na Fundi akaona kwa macho yake hofu ikimpanda yule mtoto kutoka mkononi mpaka usoni, kama maji yanavyopanda kitambaa kilichochovywa ncha. Mkono ukaanza kumtetemeka. Nyoka naye akasikia. Ncha ya mkia wake ikapiga kioo harakaharaka, tatatata, kama sindano ya cherehani iliyokosa kitambaa.

"Shangazi, mtoe."

Fundi hakuwahi kumgusa nyoka maishani. Hata samaki mrefu alimnunua akiwa amekatwa tayari. Alitembea mpaka pale, akaingiza mkono wake, akamshika nyoka nyuma ya kichwa, au alipodhani ni nyuma ya kichwa. Alikuwa mkavu na wa vuguvugu, jambo ambalo hakulitarajia. Alimfungua kutoka mkono wa mtoto, mzingo mmoja, mwingine. Mzingo wa mwisho ulipoachia, kichwa kikageuka, kikampiga juu ya kifundo cha mkono.

Alimwacha ndani, akafunga mfuniko, akabana vibanio vyote. Kisha akatazama. Damu ilikuwa inatokeza kwa vitone vidogo.

Akakaa kitini. "Nenda barabarani ukamwite daktari, yuko njiani," alimwambia mtoto, kwa upole wa ajabu. "Na yule mama wa zambarau, mwambie kiuno nilimwachia nafasi kwa ndani. Afumue tu mwenyewe."

"Unakufa, Shangazi?"

"Nenda, mama."

Redio alitoka mbio akigongana mlangoni na daktari, mwenye mabuti yenye kinyesi cha ng'ombe na mfuko begani. Daktari aliuona mkono. Aliusogeza kwenye mwanga wa dirisha, akautazama kwa karibu sana.

"Unaona nini hapo, Fundi?"

Fundi alifumbua jicho moja. Hayakuwa matundu mawili ya meno ya sumu. Vilikuwa vidoti vidogo vimejipanga kwenye mstari uliopinda, kama mshono wa mkono wa mtu anayejifunza.

"Kuna maumivu yanapanda? Kuna uvimbe? Macho yanaona vizuri?"

"Naona mabuti yako yamenichafulia sakafu."

"Basi tuko salama. Osha kwa sabuni, na baadaye tutapita zahanati wakusafishe wanavyojua wao. Sasa huyo muuaji."

Alimtoa nyoka kwa mikono yote miwili, bila koleo, akamwinua tumbo lionekane. Miraba myeusi na myeupe ilijipanga toka shingoni mpaka chini, kama ubao wa drafti. "Nyoka wa mahindi. Anataka kujivua gamba, basi. Rangi hufifia, macho huwa hivyo, hasira hupanda maana haoni vizuri. Mtoto, nyoka wako ana alama yoyote?"

Redio alikuwa nyuma ya mlango. Jicho moja tu lilionekana. "Mkiani," alisema. "Pamepinda kidogo, kama kiwiko."

Daktari alifuata mkia kwa kidole. Pamepinda.

"Lakini gamba lake ni refu kumshinda," Fundi alisema. "Nimepima. Nimepima mara mbili."

Daktari alilitazama gamba ukutani, kisha futikamba, kisha Fundi, na akajitahidi asitabasamu. "Wewe soksi ukiivua kwa kuivuta na kuigeuza ndani nje, inabaki kipimo cha mguu?"

Kati ya watu wote duniani, Fundi ndiye aliyepaswa kulijua hilo. Alikuwa amelipima gamba kama kanzu, kumbe ni kitambaa cha kufuma, kinachovutika.

"Na kuhusu umri ulioniuliza," daktari aliendelea, akimzungusha nyoka mkononi. "Aliyekwambia ni mtoto amekudanganya, au naye alidanganywa. Mchanga huwa mwembamba kama penseli, na hii rangi ya chungwa mnayoisema hukolea kwa umri. Huyu ni mtu mzima kamili. Ana miaka mingapi, hapo sasa hata anayewajua kunishinda atabahatisha. Wakishakomaa, wa miaka minne na wa kumi na minne wanafanana. Asiyejua siku alipotoka kwenye yai hawezi kujua tena."

"Na huishi mpaka lini?"

"Akitunzwa? Huyu mtoto anaweza kuolewa akiwa naye."

Fundi alishika tama kwa mkono usioumwa. Angekuwa amelisikia hilo siku ya kwanza, asingeshuka kwenye kile kiti.

Siku chache baadaye Uzi alijivua, akatoka amewaka chungwa upya kama kitu kilichotoka dukani. Fundi alimngojea Redio arudi amwonyeshe. Redio alisema shikamoo, akavua viatu, akapita moja kwa moja mpaka jikoni. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu shangazi yake alimwita.

"Huji kumwona mtu wako?"

"Nina kazi za shule."

"Tangu lini?"

Redio alisimama kizingitini, mikono nyuma. "Shangazi, nikimwona naona uso wako," alisema. "Wa siku ile."

Fundi alilaza mkasi. Alijua vizuri hofu ile imetoka wapi, maana ilikuwa yake. Alikuwa nayo tangu utotoni, na ilimtosha mwenyewe. Hakukusudia kumrithisha mtu.

Akaenda kwenye sanduku. Koleo lilikuwa ukutani, akaliacha. Akafungua vibanio, na kila kimoja akakitia mfukoni asikisahau. Mkono ulikuwa unatetemeka, lakini aliuingiza hivyo hivyo unavyotetemeka, akauacha umelala juu ya mchanga, kiganja juu. Uzi alikuja. Alipita juu ya vidole, akapita juu ya vidonda vinavyopona, mkavu, wa vuguvugu. Fundi alifumba macho, akayafumbua.

"Anafanya nini?" aliuliza Redio kutoka kizingitini.

"Ananipima."

Nyayo za mtoto zilisogea, zikasimama, zikasogea tena.

"Daktari alisema ana miaka mingapi?"

"Haijulikani. Ila inawezekana kabisa ni mkubwa wako."

Redio alilifikiria hilo. Alikuwa bado mbali na meza, umbali wa mkono mmoja na nusu, na mikono bado iko nyuma. Lakini alikuwa mtoto aliyefundishwa adabu, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, ya mtu anayeanza kufahamiana na mgeni.

"Shikamoo, Uzi," alisema.